Shajara ya mradi: kuingiza protini kwenye seli moja iliyo hai, hapa Kampala

Februari mwishoni

Basi tumeanza. Naandika hapa ili wale mnaouliza kila wiki "mradi umefika wapi" muwe mnasoma wenyewe, na pia ili vitu visipotee njiani, maana mambo ya labu ukikaa nayo kichwani bila kuandika yanachanganyikana.

Kazi yenyewe ni hii: tunachukua protini, tunaiingiza ndani ya seli moja kupitia pipeti ya kioo ambayo ncha yake ina tundu la kama nanomita 100 (nanomita ni milimita moja ukiigawa mara milioni), seli ibaki hai, alafu tujue imeingia kiasi gani. Hilo la mwisho ndilo langu. Kuingiza watu wameweza miaka mingi, kuua seli ni rahisi kabisa, lakini kusema hii seli imepata molekuli laki tatu, ya jirani yake laki tano, na ile ya pembeni haijapata kitu, hapo ndipo kazi ilipo, na bila hiyo namba mimi siwezi kuiita dawa. Dawa ni kipimo.

Mnauliza kwa nini protini isiingie yenyewe. Utando wa seli ni tabaka mbili za mafuta, unene wake haufiki nanomita 10, lakini protini ni kubwa na ina chaji na mafuta hayaipitishi. Insulini haina shida hiyo kwa sababu kazi yake inaifanya kwa kugusa kipokezi kilichoko nje ya seli, haihitaji kuingia. Ila zile za kufanya kazi ndani, mfano Cas9 inayokata DNA, ukizimwaga nje zinakaa nje, au seli inazimeza ndani ya kifuko kinachoitwa endosomu na kifuko kinapelekwa kusagwa, zinazotoroka kabla ya kusagwa ni sehemu ndogo sana. Ndiyo maana watu wanatoboa.

Kutoboa kwa umeme si jambo jipya. Mwaka 1982 Eberhard Neumann na wenzake walionyesha kwamba ukipiga seli za panya kwa mpigo mfupi wa umeme DNA inaingia ndani na inafanya kazi. Leo labu nyingi kubwa zina hiyo mashine ya elektroporesheni, unaweka mamilioni ya seli kwenye kikombe kidogo unapiga mamia ya volti, utando unafunguka vitundu, kilichoko nje kinaingia. Inafanya kazi kweli. Lakini ni kama kuumwagia umati ndoo ya maji, yuko aliyelowa chapachapa, yuko aliyepata tone moja, na yuko aliyesukumwa akaanguka akakanyagwa. Ukipima wastani wa kikombe kizima hayo yote huyaoni.

Kwa pipeti ya nano umeme wote unajikusanya pale kwenye ncha, kwa hiyo volti chache tu zinatosha, utando unafunguka eneo dogo mbele ya tundu na sehemu nyingine zote za seli hata hazijui kuna kitu kimetokea. Hiyo ndiyo njia tuliyochagua.

Machi mwanzoni, kioo

Wiki hizi ni kioo tu. Pipeti inaanza kama mrija wa kioo wa unene wa milimita moja hivi, mashine inaupasha moto katikati na kuuvuta pande mbili, unakatika, unapata ncha mbili kali. Mashine yetu inapasha kwa filamenti ya chuma kwa hiyo tunatumia borosilikati, kioo cha kawaida cha labu. Kwatzi ni bora zaidi, inatoa ncha imara na ndogo, lakini inahitaji zaidi ya nyuzi 1600 ndiyo ilainike vizuri na filamenti haifiki huko, inataka mashine ya leza. Borosilikati ukiipangia joto na nguvu ya kuvuta na muda wa kusubiri unafika nanomita 100, ila siku ya mvua na siku ya jua kali hazitoi ncha sawa hata kama namba za mashine hujazigusa. Dada anayesimamia labu ameweka sheria kwamba asubuhi kabla ya kazi yoyote unavuta za kujaribia, unazipima, ndiyo unaanza. Mimi niko naye kwenye hilo mia kwa mia.

Kupima ncha hiyo huwezi kwa macho ya hadubini ya kawaida, mwanga wenyewe hauwezi kutenganisha vitu vilivyo chini ya nanomita 200 hivi. Tunapima kwa umeme. Unajaza pipeti maji ya chumvi, waya wa fedha ndani, waya mwingine nje kwenye sahani, unaweka volti 0.2 unasoma mkondo. Ukipata nanoampia 2 maana yake ukinzani ni megaohmu 100 na tundu liko kwenye saizi yetu. Mkondo ukiruka mara kumi ncha imevunjika, weka kwenye ndoo ya vioo, chukua nyingine.

Ule waya wa fedha lazima uwe umefunikwa kloridi ya fedha, la sivyo volti inatangatanga. Sisi tunautumbukiza kwenye Jik, ile ya kufulia nguo nyeupe, unauacha mpaka ugeuke kijivu cha kukolea, unasuuza, tayari. Hii si njia ya shida, hata labu zenye pesa zinafanya hivyohivyo.

Na mrija wenyewe hakikisha ni ule wenye kiuzi chembamba cha kioo ndani kwa urefu wote, maji yanakifuata mpaka kwenye ncha yenyewe, bila hicho kiuzi utakaa unapambana na kipovu cha hewa mpaka jioni.

Machi bado, kelele

Kelele ninayosema hapa ni ya umeme na ya mtikisiko, si ya masikio. Tunachosoma ni nanoampia, na mabadiliko tunayoyatafuta ni asilimia moja au mbili ya hiyo, yaani makumi machache ya pikoampia, na nanoampia moja ni pikoampia elfu. Umeme wa ukutani unavuma mara 50 kwa sekunde na uko kila mahali, kwenye taa, kwenye friji, kwenye soketi ya jirani. Tukaenda Katwe kutengenezewa sanduku la chuma lenye wavu pande zote. Fundi mzee mmoja pale akaniuliza, "Mwanangu, hili unafugia nini?" Nikamweleza, mzee, hili ni la kuzuia umeme wa hewani usifike kwenye chombo chetu. Akalishika akafikiria, akasema basi kona zote lazima achomelee, asifunge kwa waya, kwa sababu pasiposhikana vizuri umeme utapitia hapohapo. Alikuwa sahihi kabisa, na nadhani alielewa haraka kuliko wanafunzi wengi ninaowajua wakifundishwa kitu hichohicho ubaoni.

Mtikisiko tumeutatua kwa bamba zito la jiwe, la aina ile wanayowekea kaunta za jikoni, limelala juu ya tyubu za wilbaro zilizojazwa upepo nusu. Barabara iko karibu, boda zinapita usiku na mchana na malori ya mchanga ndiyo mabaya zaidi, sasa lori likipita unaliona kwenye grafu kama wimbi dogo tu ambapo mwanzo lilikuwa linavunja ncha. Ampifaya tumeitoa kwenye umeme wa ukutani inakula betri ya volti 12. Hii imesaidia kuliko kitu kingine chochote, na ina faida ya pili kwamba umeme ukikatika katikati ya kazi sisi tunaendelea.

Sasa kuna kitu kizuri ambacho kimya hiki kimetupa. Ncha ikikaribia utando wa seli, ikibaki umbali kama wa nusu ya upana wa tundu lake, mkondo unaanza kushuka kwa sababu chumvi haina tena nafasi ya kupita. Paul Hansma na wenzake huko Marekani waliitumia hii mwaka 1989 kutengeneza hadubini isiyogusa kitu, inapapasa kwa mkondo tu. Kwetu ndiyo breki. Kompyuta inashusha ncha taratibu, mkondo ukipungua asilimia moja na nusu inasimama, na hapo tuko juu ya seli bila kuigusa. Mara ya kwanza kuona ule mstari ukiinama na mashine ikasimama yenyewe wote tulinyamaza alafu tukapiga makofi, usiku ule tulikula rolex, chapati iliyoviringiwa mayai, pale Wandegeya kwa furaha.

Aprili, seli

Mvua kila siku. Seli tulizoanza nazo ni HeLa, zinashika chini ya sahani vizuri hazikimbiikimbii, na zinavumilia. Zilitoka kwa mama mmoja Mmarekani mweusi, Henrietta Lacks, mwaka 1951, na zilichukuliwa bila ya yeye kuulizwa. Kila mwanafunzi anayeingia kwenye labu yetu anaambiwa hilo kabla hajashika chupa, na ndivyo inavyopaswa kuwa.

Jambo moja la sisi tunaokaa juu: Kampala iko karibu mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa asilimia kumi na kitu. Inkubeta, lile kabati la joto la kukuzia seli, ikisoma kaboni dioksidi asilimia 5 hiyo ni asilimia 5 ya hewa iliyo nyepesi, gesi inayoingia kwenye chakula cha seli inakuwa pungufu na pH, yaani kipimo cha uchachu, inapanda kidogo. Ni kidogo kweli, lakini protini tunayojaribia ni ya kung'aa na mng'ao wake unabadilika na pH, kwa hiyo tumeliandika kwenye daftari na tunapima pH ya sahani badala ya kuamini namba ya mlangoni.

Maji tunayoweka seli wakati wa kutoboa lazima yawe na kalsiamu. Hili nalisisitiza maana utaratibu mwingi wa elektroporesheni ya kikombe unatumia maji yasiyo na kalsiamu. Seli ikitobolewa, kalsiamu ya nje ikiingia ndiyo inayoamsha kazi ya kuziba, vifuko vya ndani vinakimbilia pale penye tundu na utando unafungwa ndani ya sekunde au dakika moja hivi. Bila kalsiamu tundu linachelewa na seli inavuja kila kitu chake. Kujua nani amefunga na nani hajafunga tunaweka rangi ya propidiamu kwenye sahani, haiwezi kupita utando mzima, ukiona kiini kimegeuka chekundu ujue mlango uko wazi bado.

Na ili kesho yake tuirudie seli ileile, fundi wa vioo ametuchorea mistari na namba kwenye vipande vya kioo kwa ncha ya almasi, mraba kwa mraba. Seli ya mraba C4 ya leo naikuta kesho, naona kama imegawanyika ikawa mbili. Kwangu mimi seli iliyo hai ni ile iliyogawanyika, ile iliyokaa tu haijageuka nyekundu bado sijaikubali.

Aprili mwishoni, kijani

Imeingia! GFP, protini ya jeli-samaki inayong'aa kijani, ile iliyowapa Shimomura, Chalfie na Tsien tuzo ya Nobel mwaka 2008. Ni ndogo, uzito wa molekuli yake ni kilodaltoni 27, umbo la pipa lenye urefu wa nanomita 4 na kitu, tundu la 100 linaipitisha bila shida.

Upande wa volti ulitupa mjadala mrefu. GFP kwenye pH ya mwili ina chaji hasi, kwa hiyo ukiweka volti hasi ndani ya pipeti inasukumwa nje. Lakini ukuta wa kioo nao una chaji hasi, na hiyo inafanya maji yenyewe yatembee, na ukiweka volti hasi maji yanatembea kuingia ndani ya pipeti, yaani kinyume na protini. Vitu viwili vinavutana ndani ya tundu moja. Profesa wetu alikuwa upande wa maji, mimi nilikuwa upande wa chaji, tukapima pande zote mbili na kwa chumvi tuliyokuwa nayo chaji ikashinda, GFP ilitoka kwa volti hasi. Ukibadilisha chumvi au ukapaka kioo kitu kingine jibu linaweza kugeuka, kwa hiyo anayeiga asinakili alama yetu, apime yake.

Seli ya kwanza iliwaka kijani polepole kuanzia pale kwenye ncha ikaenea mpaka kwenye kiini. Kuenea kwenye kiini ni muhimu, inaonyesha iko huru ndani, haijafungwa kwenye vifuko, ingekuwa kwenye vifuko ungeona vidoti vidoti. Kesho yake ilikuwa imegawanyika na watoto wote wawili walikuwa na kijani.

Mei, kipimo chenyewe

Hapa nitakaa kidogo maana ndipo moyo wa mradi ulipo.

Kuwaka kijani si namba. Wenzetu wanaotumia sindano kubwa kidogo, ya nusu mikromita, wana njia safi kabisa: wanatema kitone kwenye mafuta, wanapima upana wake, wanapata ujazo. Kitone cha mikromita 4.6 ni femtolita 50, hesabu imeisha. Sisi hatuwezi. Ukitaka kusukuma kitone kutoka tundu la nanomita 100 kwenda kwenye mafuta kwa presha tu, mvutano wa uso wa maji unakudai kama atimosfia 20, na pampu yetu haina hizo.

Kwa hiyo tukageuza. Badala ya kupima kinachotoka tukaamua kupima kilichofika. Unachukua GFP ambayo mkusanyiko wake unaujua, unaitikisa kwenye mafuta na sabuni kidogo ya kushikilia, unapata vitone vingi vya duara vya saizi zote, vingine vinalingana na seli kabisa. Unavipiga picha kwa hadubini ileile, taa ileile, sekunde zilezile. Kitone cha mikromita 10 kina ujazo wa nusu pikolita, yaani femtolita mia tano hivi, na kama mkusanyiko wa GFP ndani ni mikromola 1 basi kina molekuli kama laki tatu. Unajumlisha mwanga wote wa kitone, unaondoa mwanga wa nyuma, unachora mstari: molekuli huku, mwanga kule. Alafu unaenda kwa seli, unajumlisha mwanga wake wote, unausoma kwenye mstari. Basi. Seli imepata namba.

Sharti ni kwamba pH ya vitone iendane na ya ndani ya seli, na seli zenyewe zina mng'ao wao wa asili ambao lazima uupime kwa seli ambazo hazijatobolewa, chini ya mng'ao huo huwezi kudai umeona kitu. Lakini inafanya kazi na haihitaji mashine yoyote ya ziada, mafuta ya madini na mkono wa kutikisa. Mimi naamini labu yoyote ya Mbarara au Gulu yenye hadubini ya mng'ao inaweza kuanza kesho asubuhi.

Tulipoweka namba za pipeti karibu na zile za kikombe cha umeme kwenye grafu moja, kila mtu aliona. Za kikombe zimetapakaa kutoka chini kabisa mpaka juu kabisa. Za kwetu zimekusanyika. Hazijakaa kwenye mstari mmoja, bado zina upana wake, lakini zimekusanyika.

Mei, nyumbani Bombo

Nilienda nyumbani wikendi. Mtoto wa dada yangu ana selimundu, ule ugonjwa wa damu wa seli nyekundu kujikunja kama mundu, anahudhuria kliniki ya hospitali ya Mulago, anatumia haidroksiurea, dawa ambayo watafiti waliijaribu hapohapo Mulago kwa watoto na matokeo yakatoka mwaka 2017 kwamba ni salama kwa watoto wetu hata kwenye maeneo ya malaria. Imemsaidia, maumivu yamepungua, anaenda shule. Shangazi akaniuliza mbele ya wote, "Sasa mwanangu, hiyo sindano yenu ndogo, mtamchoma nayo lini huyu mtoto?"

Nikamwambia, shangazi, hii si ya kumchoma mtoto. Nikajaribu kueleza na hapa naeleza tena vizuri zaidi.

Utafiti wa nchi nzima uliotoka mwaka 2016 ulikuta asilimia 13.3 ya watoto Uganda wanabeba alama ya selimundu na asilimia 0.7 wana ugonjwa wenyewe. Huko nyuma mwaka 1949 Lehmann na Raper walikuta kati ya Baamba wa Bundibugyo wanaobeba ni 45 kwa mia. Herufi moja tu ya DNA, asidi amino ya sita kwenye beta globini imegeuka kutoka glutamati kuwa valini. Na tiba ipo: mwishoni mwa 2023 Uingereza alafu Marekani ziliidhinisha Casgevy. Wanatoa seli mama za damu za mgonjwa, wanaingiza Cas9 pamoja na RNA yake ya kuiongoza kwa elektroporesheni, inakata swichi ya jini la BCL11A, na mwili unaanza tena kutengeneza hemoglobini ya kichanga ambayo haijikunji. Marekani bei iliyotangazwa mwaka 2023 ilikuwa dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja.

Sasa angalieni, kilicho ndani ya tiba hiyo ni protini inayoingizwa kwenye seli iliyo hai. Ndiyo kazi yetu. Lakini mgonjwa anahitaji angalau seli milioni 3 kwa kila kilo ya mwili. Mtoto wa kilo 20 ni seli milioni 60. Nikitoboa seli moja kwa dakika bila kulala ni miaka zaidi ya 110. Kwa hiyo pipeti yetu haitakuwa tiba, na mtu akiwaambia itakuwa msimwamini. Za kutibu ni zile za kutoboa seli maelfu kwa pamoja, kama vimirija vya nano ambavyo kundi la Nicholas Melosh pale Stanford limevifanyia kazi, sahani nzima imejaa vimirija na seli zinakaa juu yake.

Pipeti yetu ni ya kujibu swali lingine: seli moja inahitaji Cas9 ngapi ndiyo ikatwe vizuri mara moja pale panapotakiwa na isikatwe pasipotakiwa? Ukizidisha, inakata na sehemu nyingine. Ukipunguza, seli inarudi mwilini haijarekebishwa na umemtesa mgonjwa kwa dawa kali za kusafisha uboho bure. Namba hiyo ikijulikana kwa seli moja moja, anayetengeneza mashine kubwa anajua alenge wapi, na hatumii protini ya bei kali mara mia zaidi ya inayohitajika. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho akasema, "Haya, basi pimeni haraka." Nikamjibu, tunapima shangazi.

Juni, kuziba

Tatizo la mwezi ni ncha kuziba. Protini inapenda kuganda kwenye kioo, seli ya kwanza inapata kipimo kizuri, ya pili pungufu kidogo, inayofuata pungufu zaidi, na kwa macho pipeti ni ileile. Tumepunguza kwa njia mbili: protini inazungushwa kwa kasi kwenye sentrifuji kabla ya kujaza ili mabonge yabaki chini, na kioo kinapakwa ndani kitu cha kuzuia kushika. Imesaidia lakini haijaisha.

Kilichotufungua macho ni mkondo. Ncha ikianza kuziba ukinzani unapanda kabla kipimo hakijashuka kiasi cha kuonekana kwenye mwanga. Kwa hiyo sasa kabla ya kila seli kompyuta inasoma ukinzani, ukipanda zaidi ya kiwango tulichoweka programu inakataa kupiga, unabadilisha pipeti. Na tumeanza kuona kwamba jumla ya chaji iliyopita wakati wa mpigo inaendana na idadi ya molekuli tunayoisoma kwenye mwanga. Nalisema kwa tahadhari, GFP tu, HeLa tu. Lakini kama itasimama, tutakuwa na njia ya kujua kipimo papo hapo wakati wa kutoboa, hata kwa protini isiyong'aa. Hiyo ndiyo inayonifanya nikimbie labu asubuhi kabla ya foleni ya magari.

Juni mwishoni

Cas9 imefika, imesafiri kwenye barafu kavu, imekutwa bado imeganda, ikaingia kwenye friji ya nyuzi themanini chini ya sifuri siku hiyohiyo. Hii ni mnyama mwingine kabisa. Kilodaltoni 160, nanomita 10 hivi kwa upana, yenyewe peke yake ina chaji chanya kwa hiyo kioo chenye chaji hasi kitaivuta na kuing'ang'ania. Ikishashikana na RNA ya kuiongoza inageuka kuwa hasi kwa jumla, ndiyo maana tutaziunganisha kwanza nje, tusubiri, ndiyo tujaze. Pia inakuja kwenye gliseroli nzito ambayo haitapita vizuri kwenye tundu letu, lazima tuitoe na tubadilishe maji bila kushusha chumvi sana maana chumvi ikishuka inajikusanya mabonge.

Faida ya kuingiza protini yenyewe badala ya DNA yake ni kwamba inafanya kazi mara moja na baada ya siku moja mbili seli imeshaisaga, haibaki mle ikiendelea kukata. Na hesabu ni nzuri: femtolita 50 za mikromola 20 ni attomoli moja, molekuli laki sita, uzito wake haufiki robo ya pikogramu. Mikrolita chache ndani ya pipeti moja zinatosha seli nyingi kuliko tunavyoweza kutoboa kabla ncha haijaziba.

Mpango wa Julai ni kutumia seli za HeLa zinazotengeneza GFP zenyewe, tuelekeze Cas9 kwenye jini la GFP, seli iliyokatwa vizuri itazima taratibu kwa siku kadhaa. Cas9 tutaiwekea rangi nyekundu, kwa hiyo kwenye seli moja tutakuwa na namba mbili, imepata ngapi na imezima au haijazima. Tutaanza na kipimo cha chini tupande.

Tunachokosa ni ncha za kwatzi. Kama kuna labu yoyote hapa Uganda, Kenya au Tanzania yenye mashine ya kuvuta pipeti kwa leza, hata kama ni ya watu wa neva na wanaitumia mara moja moja, tuandikieni. Mirija tunayo, nauli tutajilipia, tunahitaji siku moja ya kuvuta na mtu wa kutuonyesha mipangilio yenu. Programu ya kusoma ukinzani na maelezo ya vile vitone vya mafuta tutawapa bure, tayari yameandikwa kwa Kiswahili.